Boti ya Alumini Isigeuzwe Sufuria

Baba na mama mlioko Kamina mjini, wandugu wa Kabongo na Kaniama, na kwa namna ya pekee nyinyi wa Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, ambao saa hii pengine mnatusikiliza huku mkishona nyavu, neno hili ni lenu wote. Mazungumzo ya leo yanahusu boti kuukuu. Tena boti ya alumini, ile fupi yenye tako bapa na pua iliyokatwa mraba, yenye mabenchi mawili matatu yaliyokingama ndani.

Mtu wa Kamina ataniuliza: ndugu, sisi hapa tuna reli, hatuna ziwa. Huo Lomami wenyewe uliotupa jina la mkoa, huku kwetu ndiko unakoanzia, ungali mchanga. Mambo ya boti yanatufikiaje? Yanatufikia sokoni. Kambale mkavu unayemnunua leo, tilapia wa chumvi, wale samaki wadogo wanaopimwa kwa kopo, wengi wametoka bonde la Upemba: ziwa Kisale, ziwa Upemba na mto Lualaba wenyewe. Wamefika Bukama, wakapanda treni au wakafungwa nyuma ya baiskeli, hadi kwenye chungu chako. Mvuvi akikosa chombo, bei inapanda hapa hapa Kamina. Ndiyo maana tunazungumza.

Haya, tuingie kwenye jambo lenyewe. Ukitembea kando ya Lualaba, au ukiingia katika viwanja vya zamani, utaikuta boti ya namna hii imepinduliwa chini ya mwembe, kuku wamejilalia kivulini. Ililetwa zamani, ikafanya kazi, ikavuja, ikaachwa. Na mwenye kiwanja anangoja nini? Anangoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Akija, ataipima kwa kilo, ataikatakata kwa patasi na nyundo, na vipande vitapelekwa kwa wale mafundi wetu wa masufuria. Kazi yao naiheshimu. Wanachimba tanuru ardhini, wanawasha makaa, wanavuvia, na alumini inayeyuka kwa nyuzi 660 tu, halafu wanaimimina ndani ya udongo uliofinyangwa. Sufuria linatoka, linapikia ugali miaka mingi. Lakini sufuria hutengenezwa hata kwa bloku ya injini iliyokufa na vipande vya gari lililopinduka. Kwa nini tuyeyushe kitu kilichokwisha kuwa boti?

Fikirini kidogo. Mtumbwi wa gogo unataka mti mkubwa, ulionyooka, usio na ufa, na miti hiyo wavuvi wanazidi kuifuata mbali. Mtumbwi wa mbao za kupigilia unataka kuzibwa kila mara, na jua la kiangazi likiupata nchi kavu, mbao zinaachana. Alumini haiozi, mchwa hawaili. Chuma cha ukubwa ule ule kina uzito unaokaribia mara tatu ya wake, ndiyo maana watu wawili wanaiinua boti hii na kuivusha juu ya mafunjo. Na tako lake bapa linaelea katika maji ya kina kifupi, kama maji yetu ya Upemba yalivyo. Anayejua Kisale, na vile visiwa vyake vya mafunjo vinavyoelea na watu wakiishi juu yake, anajua kuwa kule chombo kinachozama sana hakifiki mbali.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hilo: usiiuze kwa kilo. Sasa umeamua kuitengeneza. Unaanzia wapi?

Unaanza kwa kuivua. Toa kila kitu ambacho hakikuwa cha boti tangu mwanzo. Ubao uliowekwa na mwenyewe wa kwanza, bati lililopigiliwa na wa pili, lami iliyopakwa na wa tatu. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyoharibika, uipitishe polepole sakafuni na mbavuni. Alumini haishikwi na sumaku. Pale sumaku inaponasa, ujue kuna msumari au bolti ya chuma iliyotiwa na mtu aliyekuwa na haraka. Itoe. Kisha fungua chini ya mabenchi. Mara nyingi utakuta povu jeupe gumu, lile la kufungia redio na televisheni. Liliwekwa ili boti isizame ikijaa maji. Baada ya miaka mingi povu hilo linaweza kuwa limekunywa maji likawa zito, na ndilo linalowafanya watu waseme boti hii ni nzito, haifai. Litoe, lakini usisahau kwamba lilikuwa na kazi. Tutarudi kwake.

Baada ya hapo osha kwa maji, sabuni na brashi ya plastiki. Brashi ya waya wa chuma uiache, maana inabakiza chembe za chuma ndani ya alumini na pale pataliwa.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Unajuaje boti inavuja wapi? Wengi wanaitia mtoni na kuangalia maji yanaingilia wapi. Ndani ya boti iliyo mtoni, maji yakishaingia yanatambaa, huoni tundu. Fanya kinyume. Iweke boti nchi kavu juu ya magogo mawili, ikae sawasawa, kisha uitie maji kwa ndani. Si kuijaza hadi juu, uzito wa maji utaipasua. Kiasi cha kufika kwenye kifundo cha mguu kinatosha. Halafu ingia chini na chaki au kipande cha kaa. Ngoja. Tone la kwanza litatokea kwenye riveti, vile vishikizo vyenye kichwa cha mviringo vilivyopangwa mstari. Weka alama. La pili hilo hapo, weka alama. Pengine unaona unyevu tu, riveti imelowa bila kudondosha; nayo itie alama. Usiharakishe, kaa chini yake mpaka chini pote pawe pamesomwa.

Mwaga maji, kausha. Riveti nyingi zinazovuja hazijafa, zimelegea tu. Kuzikaza kunataka watu wawili. Mmoja anakaa nje, anakandamiza kichwa cha riveti kwa kipande kizito cha chuma. Hapa Kamina mji wa reli, kipande cha reli hakiwezi kutushinda. Mwingine yuko ndani, anagonga mkia wa riveti kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi mafupi. Wa nje akilegeza mkono, riveti inapinda. Wa ndani akipiga kwa hasira, bamba linapasuka. Sauti inabadilika riveti ikishika: mwanzo inalia kwa kutetemeka, kisha inatoa mlio mkavu. Mzee yeyote aliyefanya kazi ya vyuma karakanani ataijua sauti hiyo. Ndiyo maana nasema vijana, msifanye kazi hii bila kumwita mzee mmoja akae karibu.

Riveti iliyokufa kabisa unaitoboa, unaweka nyingine ya alumini, na chini yake unatia gundi. Gundi ipi? Ile nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Inashika, inavutika, haivunjiki boti inapotikisika. Lami ya barabarani haifai. Jua letu linailainisha mchana.

Na kuchomelea je? Swali hilo huulizwa kila mara. Fundi wetu wa milango na madirisha ana mashine ya umeme na fito za chuma. Hawezi kuchomelea alumini kwa hizo, hata akiwa stadi namna gani. Alumini ina ngozi nyembamba juu yake, hatuioni kwa macho, na ngozi hiyo inataka zaidi ya nyuzi 2,000 ili iyeyuke, wakati nyama iliyo chini yake inayeyuka kwa 660. Fundi anapasha moto, ngozi inakataa, anaongeza moto, mara bamba lote linaanguka chini na kuacha tundu la kupitisha mkono. Kuna mashine zinazotumia gesi ya argoni, hizo zinaweza. Kama huna, weka kiraka cha alumini, gundi katikati, riveti kuzunguka. Bamba la bodi ya lori kuukuu linatosha.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwetu sisi wa Katanga ya zamani ni la hatari kuliko kwa wengine. Shaba. Nchi hii ni ya shaba. Waya wa shaba uko kila nyumba, kipande cha shaba kiko kila sanduku la fundi. Shaba ikigusana na alumini ndani ya maji, umeme mdogo unapita kati yao, na anayeliwa ni alumini. Usifunge kitu kwa waya wa shaba, usitie skrubu ya shaba nyeupe wala ya shaba nyekundu, usidondoshe sarafu au kipande cha waya kikalala sakafuni chini ya maji machafu. Utakuta tundu dogo la mviringo, na utamlaumu jirani. Hata mbao zilizotiwa dawa ya kijani dhidi ya mchwa, nyingi zina shaba ndani ya dawa hiyo, zisiguse alumini. Nalirudia kwa kuwa ni jambo kubwa: shaba isiguse boti ya alumini.

Hapo hapo nikumbushe kitu kimoja. Kule Sanga, kando ya Kisale, wataalamu wa mambo ya kale walianza kuchimba mwaka 1957, wakafukua makaburi ya watu walioishi pale zaidi ya miaka elfu iliyopita. Marehemu walizikwa na vyungu vizuri na mapambo ya shaba. Shaba na samaki vimekaa pamoja katika bonde hili tangu zama hizo. Nafurahi kila nikifikiri hivyo, kwamba wavuvi wa Kisale wana historia ndefu kiasi hicho majini.

Turudi kwenye kazi. Ubao wa nyuma unaobeba injini karibu kila mara umeoza, hata kama kwa nje unaonekana mzima. Uchome kwa bisibisi. Ikiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, utoe wote. Weka ubao wa mti wa mulombwa uliokauka vizuri, uupake rangi ya mafuta pande zote kabla ya kuufunga, na uache nafasi ya maji kutoka. Injini ya nguvu za farasi 15, ya aina ile ya zamani, ina uzito unaokaribia kilo 40, na inatikisika. Ubao huo ndio unaotenganisha injini yako na vilindi vya Lualaba. Rangi ya boti yenyewe si lazima, alumini inajilinda.

Na lile povu tulilolitoa? Weka bidoni za lita 20, zile za njano za mafuta ya kupikia, zilizofungwa barabara. Kila moja iliyojaa hewa inaweza kubeba kilo karibu 20 majini. Zifunge imara chini ya mabenchi, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Boti ikijaa maji, itabaki inaelea na wewe utakuwa na kitu cha kushika.

Hapa sasa naomba tuzungumze juu ya uzito, kwa sababu boti nyingi haziuawi na matundu, zinauawa na mapambo. Mtu ameziba vizuri, moyo umefurahi, anaanza kuongeza. Sakafu ya tripleksi. Jukwaa la kusimamia mbele. Kiti cha juu. Sanduku la samaki. Kila kitu kina sababu yake, na kila kitu kinapandisha uzito juu. Boti ya tako bapa inaonekana imetulia sana, hata unaweza kuisahau. Lakini ikishainama kupita kiasi, inageuka ghafla.

Mkoa wetu una kisa kinachofundisha hatari ya kuiongezea boti kitu ambacho haikujengewa. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani ziwa Tanganyika. Wakachukua boti mbili ndogo za mbao, Mimi na Toutou, urefu wa futi 40 hivi, wakazitoa London hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa treni hadi Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa porini na milimani kwa mashine za mvuke, ng'ombe na nguvu za watu, hadi Sankisia. Wakapanda treni tena hadi Bukama. Ndiyo, Bukama hii hii yetu. Walipofika, mwezi wa 10, maji ya Lualaba yalikuwa machache. Unajua walifanya nini? Walifunga mapipa matupu chini ya boti ili zinyanyuke zipite kwenye mchanga. Bidoni zetu za njano si wazo geni hapa.

Lakini kisa ninachokitaka kilitokea kabla hawajatoka London. Boti hizo hazikujengwa kwa ajili ya mizinga. Walizibadilisha, wakatia mzinga mbele. Siku ya kuujaribu mtoni Thames, Mimi ikafyatua, ikalenga shabaha vizuri. Ila mzinga haukuwa umefungwa barabara sitahani. Mzinga na aliyeufyatua, wote wawili, wakaangukia majini. Nguvu inayokwenda mbele inarudi nyuma, na chombo chepesi hakina pa kuificha nguvu hiyo.

Nimeleta kisa hiki kwa sababu wengi wanaotengeneza boti hizi wanafikiria pia kuwinda. Huko Marekani, boti za namna hii ndizo wanazoingia nazo mabwawani kuwinda bata. Na sisi tuna bata wengi wa maji. Basi nasema mambo mawili. La kwanza ni la usalama: mtu asifyatue bunduki akiwa amesimama ndani ya boti hii, akigeukia ubavuni. Yaliyompata mtu wa Thames yatampata. Bunduki ibebwe bila risasi ndani, mdomo wake uelekee nje, na anayepiga akae chini.

La pili ni zito zaidi, na nalisema kwa moyo wote. Uwindaji katika nchi hii una sheria yake, ile ya tarehe 28 Mei 1982, na lazima uwe na kibali. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, kuwinda hakuna, nukta. Walinzi wa hifadhi ile wameuawa wakiilinda. Katika mafunjo yetu yupo korongo nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Yupo pia swala wa majini ambaye wataalamu walimtambua kuwa ni aina ya peke yake mwaka 2005 tu, na katika dunia nzima anaishi hapa, katika bonde la Upemba. Wamebaki wachache mno. Boti nyepesi inayoingia kimya kwenye mafunjo, tena na bunduki, inaweza kuwamaliza kabla watoto wetu hawajawaona. Ukiniuliza mimi, nitakuambia boti hii uitengenezee uvuvi. Nafasi ya bunduki weka ndoo ya kutolea maji na jaketi za kuokolea maisha, moja kwa kila kichwa. Najua wako watakaobisha, na wana haki ya kubisha, lakini juu ya yule swala sitarudi nyuma.

Kwa uvuvi basi, unaongeza nini? Kidogo sana. Pembe zote kali upande wa kutupia nyavu uzifunike kwa mpira wa tairi la baiskeli uliopasuliwa, nyavu zisikatike. Sakafuni weka fito nyembamba za mbao zinazoweza kutolewa na kuanikwa, maana kitu chenye maji kikilala juu ya alumini kinaitafuna taratibu. Zulia usiweke. Upondo mrefu uwe ndani kila siku, hata kama una injini mpya, kwa sababu magugu ya Kisale yakishazunguka panka, ni upondo utakaokurudisha nyumbani. Na taa ya usiku: mbele, juu kidogo, ili baleinieri, zile boti kubwa za mizigo na abiria zinazoshuka Lualaba, zikuone.

Siku ya kwanza majini nenda karibu na ufuko, mkiwa wawili tu, bila mzigo. Mmoja ainame ubavuni taratibu, muone maji yanafika wapi. Siku nyingine ongezeni mzigo. Na upepo wa alasiri ukianza kuchafua ziwa, rudini mapema. Pua ya mraba haikati wimbi, inalipiga, na maji yanaingia kwa mbele.

Wakati wenu na wangu unakaribia kwisha. Mtu mmoja ataniuliza kuhusu nyavu zenyewe: chandarua cha mbu kinakubalika? Hapana, hakikubaliki, kinazoa hata vifaranga vya samaki. Wakati uvuvi unapofungwa samaki wapate kuzaa, boti ikae nchi kavu, na hapo ndipo pa kukagua riveti zako tena. Suala la nyavu na matundu yake tutalichukua juma lijalo, saa hii hii. Mwenye kujua ni wapi katika mkoa wetu pana fundi mwenye mashine ya argoni, atuletee habari hapa redioni, tutaisoma ili wa Bukama na Malemba waisikie. Kwa leo nawaaga. Kwaherini, baba na mama, na wavuvi mlio majini usiku huu, safari njema.